Mkanda Uliolia Njia ya Itumba

Tangu nirudi sijachota maji kwa amani. Nikifika kisimani nasimamishwa, nikitoka kanisani nasimamishwa, na kila anayenisimamisha ana habari yake: kwamba tulikamatwa na nguruwe wa magendo, kwamba nilimfundisha dereva kazi yake, kwamba gauni la Tusekile nilishona juu ya magunia ya chumvi huku lori linakwenda. Hayo si kweli, ingawa ukweli ulipita karibu na kila moja. Basi nimechukua daftari la mwanangu Yona, niandike mara moja tu, mkasomeane wenyewe.

Kilichonitoa nyumbani mnakijua. Dada yangu Eliza alipofariki, binti yake Tusekile alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba yake akarudi naye kwao Itumba. Siku ya mazishi nilisema mbele ya kaburi kwamba gauni la harusi la mtoto huyu nitalishona mimi. Miaka imepita, barua ikaja: harusi ni Jumamosi. Itumba hakuna cherehani. Kitambaa cheupe nilikuwa nimeagiza Tunduma, na mwili wa binti sikuujua tena. Ilinibidi nisafiri na cherehani yangu ya miguu, chuma na meza yake yote.

Igamba hadi Vwawa

Jumanne alfajiri mume wangu na mdogo wake Simoni waliifunga cherehani kwenye mti, wakaibeba mabegani kama chui aliyeuawa. Nikaifunika blanketi kwa ajili ya vumbi. Hapo ndipo tulipokosea.

Kitu kirefu kilichofunikwa blanketi, kimebebwa kwa mti na wanaume wawili, mwanamke anafuata nyuma kimya kwa uchovu. Ukiona hivyo utafikiri nini? Kijiji cha kwanza wanaume walivua kofia. Kijiji cha pili bibi mmoja alitoka shambani na jembe lake, akatufuata hatua kadhaa, kisha akaanza kulia kwa sauti.

"Poleni, wanangu. Ni nani?"

"Ni cherehani, bibi," Simoni akajibu.

Bibi akainua pembe ya blanketi, akaona gurudumu. "Na mimi nimeshalia," akasema, "sasa machozi yangu nani atayarudisha?" Akatukalisha, akatupa viazi vya kuchemsha na karanga, akataka nimwoneshe jinsi mguu unavyokanyaga. Tulifika Vwawa jua linaelekea kuzama, miguu yangu imevimba, lakini nimeshiba.

Vwawa hadi Tunduma

Jumatano mume wangu na Simoni wakarudi nyumbani, nami nikapata lori la chumvi na mabati, lililokuwa linapitia Tunduma kisha kwenda Isongole, jirani na Itumba. Dereva wake aliitwa Simbeye, Mnamwanga wa Tunduma, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, anayeongea na gari lake kama mtu na ng'ombe wake. Mbele tulikaa watatu: yeye, mimi, na Mwalimu Kayuni, aliyekuwa anarudi kwao Isongole kwa likizo. Mwalimu alikuwa na miwani, mwavuli, na neno juu ya kila jambo.

Simbeye alipotia moto, kitu kikapiga kelele mbele yetu. Si mlio wa injini. Ni kelele nyembamba, ndefu, inayopanda: iiiiiii! Mbuzi waliokuwa barabarani wakatawanyika. Akikanyaga mafuta inapanda zaidi, akiachia inashuka. Mbele kidogo ikafa yenyewe, halafu tulipofika kilima ikaanza tena.

"Ni nini hicho?" nikauliza.

"Mkanda wa feni," akasema Simbeye. "Wiki ya pili sasa. Mpira unaozunguka pale mbele, unazungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Una kiu tu."

"Si mkanda," akasema Mwalimu. "Sauti hiyo inatoka ndani kabisa ya injini. Ni pistoni."

Simbeye akasimama, akafungua boneti, akatoa mche wa sabuni chini ya kiti na kuusugua kwenye mkanda unaozunguka. Kelele ikakatika. Akanitazama kama mganga aliyeponya mtu. Hatujaenda mbali ikarudi, na safari hii nzito zaidi, na tulipopanda mwinuko nikaona mvuke mwembamba ukitoka mbele. Tulisimama mara nne kujaza maji. Mara zote nne alisugua sabuni, na mara zote nne Mwalimu alitaja pistoni.

Tunduma

Kitambaa changu kilikuwa kwa Mama Chanda, mwanamke wa Kibemba anayevuka mpaka kutoka Rodesia na mizigo yake, ana meza pale sokoni. Kilikuwa cheupe, cha kuteleza, kizuri hata niliogopa kukigusa kwa mikono yenye vumbi la barabarani. Nikiwa nakikunjua, Simbeye akaja anahema.

"Mama, nasikia wewe unaleta kila kitu kutoka ng'ambo. Natafuta mkanda."

Uso wa Mama Chanda ukang'aa. "Eya, mukwai! Chikanda chilipo!"

"Upo? Mpya?"

"Nimekipika leo asubuhi!"

Simbeye akanigeukia. Kabla sijamweleza, Mama Chanda alikwisha kurudi na kipande kinene cha chikanda juu ya jani, ule mkate wa kahawia unaopikwa kwa viazi vidogo vya porini na karanga. Simbeye akakishika mikononi, akakigeuza, akakiangalia kwa huzuni.

"Huu hauwezi kuzungusha feni."

"Utazungusha wewe," akasema Mama Chanda. "Kula."

Tulikula kimoja, tukala cha pili, cha tatu Mwalimu akakifunga kwenye leso. Mkanda wa gari haukupatikana Tunduma nzima. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi migodini alikuja, akalegeza bolti ya dainamo, akaivuta nje kwa chuma mpaka mkanda ukakaza kama uzi wa zeze, akafunga. "Ulikuwa umelegea," akasema. Kelele ikanyamaza, tukampigia makofi.

Nililala nyumbani kwa Simbeye. Mkewe alitupikia ugali na dagaa wa Tanganyika, na binti yao mdogo alikuwa anakokota kigari cha bua la mtama chenye magurudumu mawili ya chuma bapa, mviringo, yenye tundu katikati. Nikasifu kigari chake. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Njia panda ya Mpemba

Alhamisi asubuhi tukarudi hadi Mpemba tuingie barabara ya Isongole. Kabla hatujafika njia panda, kelele ile ilikuwa imerudi, na sasa ilikuwa kali kuliko siku zote. Kulikuwa na mti umelazwa barabarani, na kando yake askari wa mifugo. Kulikuwa na ugonjwa wa nguruwe, na hakuna nguruwe aliyeruhusiwa kupita.

Simbeye akazima gari. Kimya.

"Mteremsheni nguruwe," askari akasema.

"Nguruwe gani?"

"Huyo niliyemsikia tangu mko kwenye kona."

"Afande, hatuna nguruwe. Ni mkanda."

"Nina masikio mawili, na yote yamesikia nguruwe. Sasa kanyamaza kwa sababu mmemziba mdomo."

Mwalimu akashuka na mwavuli wake ili aeleze jambo hilo kwa utaratibu. Ingekuwa heri angebaki kwenye gari. Alianza na pistoni, akaendelea na tofauti ya sauti za wanyama, na kadiri alivyoongea ndivyo askari alivyozidi kuamini kwamba tunaficha nguruwe mkubwa sana. Akaamuru mzigo ushushwe. Chumvi ikashuka, gunia kwa gunia. Mabati yakashuka. Saa zikaenda. Mwisho ikabaki cherehani na blanketi lake.

"Aha," akasema. Akalichoma blanketi kwa fimbo polepole. Fimbo ikagonga chuma.

Nikamwambia, "Baba, mwache dereva awashe gari, wewe usimame hapa nyuma usikilize."

Simbeye akawasha. Iiiiiii! Askari akaruka, akakimbia mbele, akazunguka, akarudi, akaenda tena mbele. Boneti ikafunguliwa. Akainama, sikio likaelekea kwenye mkanda, kofia ikamdondoka. Alikaa hivyo kitambo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akaketi chini kwenye vumbi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani! Yumo kweli! Lakini huyu hana ugonjwa!"

Alitusaidia kupakia mzigo wote, yeye mwenyewe akibeba chumvi mgongoni, lakini jua lilikuwa limekwenda. Mkewe akatulisha ugali na maharage, tukalala kwao. Askari akawa anasema kila mara, "Nyama hakuna. Nguruwe mmemfanya mkanda." Nilicheka naye, lakini nilipolala nilihesabu: kesho Ijumaa, na gauni lilikuwa bado kitambaa.

Milima ya Ileje

Mnaojua barabara ile mnajua inavyopanda. Ijumaa asubuhi tulipanda kilima cha kwanza tukipiga kelele, cha pili tukitoa mvuke, na katikati ya cha tatu kukaja harufu ya mpira unaoungua. Simbeye akasimama penye kijito. Akafungua boneti, akatazama mkanda, na kwa mara ya kwanza hakuongea na gari lake.

"Mama Yona," akasema, "mkanda huu ukikatika hapa, sina mwingine. Maji yatachemka, injini itakufa. Naona turudi Mpemba polepole. Lori jingine litapita wiki ijayo."

"Wiki ijayo mtoto ameshaolewa."

"Najua, mama. Nisamehe."

Nikakaa kwenye jiwe. Nilimwona dada yangu siku ile ya mwisho, na nikaona aibu kama mtu aliyeitwa jina akakosa kuitika. Nikafikiri kujitwisha cherehani kichwani niende kwa miguu. Kisha kwa hasira tu nikainuka, nikaenda kuinama mahali wanaume walipokuwa wameinama tangu Jumatano. Sikuwahi kutazama mle ndani. Nikaona magurudumu matatu, kila moja na mfereji wake, na mkanda mmoja umezunguka yote. Nikasimama wima.

"Hii ni cherehani," nikasema.

"Hili ni lori, mama," akasema Simbeye kwa upole.

"Cherehani yangu ina gurudumu chini na gurudumu juu, na mkanda wa ngozi katikati. Ukilia nina maswali matatu. La kwanza: unalia mkanda, au linalia gurudumu lenyewe kwa kukosa mafuta?"

Simbeye akanitazama, kisha akaitikia kwa kichwa. Hilo alikuwa na njia yake. Akatia moto, akachota maji ya kijito kwa kopo, akayarusha kidogo kwenye mkanda. Kelele ikakatika papo hapo. Maji yalipokauka ikarudi.

"Basi si pistoni," akasema. "Pistoni haijui kama nje kuna maji." Mwalimu akatazama milima.

Akazima, akalegeza dainamo, akatoa mkanda kabisa. Akazungusha feni kwa mkono: laini. Akazungusha dainamo: laini, haikwaruzi, haichezi. "Beringi ni nzima," akasema. "Swali la pili?"

"La pili: umelegea au umekazwa mno? Lakini nyinyi mmeshaulegeza na kuukaza, na bado unalia. Basi nipe mkanda wenyewe."

Nikauzungusha vidoleni kama ninavyokagua pindo. Ubavu mmoja ulikuwa mzima, mweusi. Ubavu wa pili uling'aa kama kioo na ukingo wake umechanikachanika. Na kwenye chuma cha injini, unga mweusi wa mpira ulikuwa umerundikana upande mmoja tu.

"Unaliwa upande mmoja," nikasema. "Ndilo swali langu la tatu. Kichwa cha cherehani kikisogea kidogo tu kwenye meza, magurudumu hayatazamani. Mkanda unaingia kwenye mfereji kwa ubavu, unalia. Ukiukaza, unalia zaidi."

Nikatoa uzi mnene wa pindo. Simbeye akashika ncha moja kwenye uso wa gurudumu la chini, mimi nikauvuta ukapita sawasawa hadi kwenye gurudumu la dainamo. Uzi uligusa la chini, kushoto na kulia. Kwenye la dainamo haukugusa kabisa. Gurudumu lile lilikuwa limekaa nyuma, unene wa ukucha na nusu.

"Lilianza lini kulia?" nikamuuliza.

"Wiki mbili. Tangu nilipoifungua dainamo nikaisafisha mwenyewe nyumbani, nikairudisha."

"Ukairudisha na kila kitu chake?"

Simbeye akavua kofia.

"Zilibaki washa mbili," akasema polepole, "zile pete bapa zinazokaa nyuma ya dainamo, kwenye bolti. Nikafikiri ni za ziada."

Hapo nikakiona kigari cha bua la mtama. "Na ukampa binti yako magurudumu."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, na alipocheka miwani ilimwanguka, nasi hatukuweza kujizuia. Tulicheka mpaka mchungaji wa ng'ombe ng'ambo ya kijito akaanza kucheka naye, bila kujua sababu.

Kwenye mlango wa nyuma wa lori tukafungua bolti mbili zilizokuwa na washa. Tukaweka moja nyuma ya dainamo, uzi ukakaribia. Tukaweka ya pili, uzi ukagusa magurudumu yote kama mstari wa rula. Nikaosha mkanda kwa maji, nikasugua mifereji kwa mchanga wa kijito na tambara mpaka utelezi wote wa sabuni ukaisha, nikakausha. Simbeye alitaka kuukaza kama yule fundi wa Tunduma, nikamzuia. "Bonyeza kwa dole gumba. Uzame kidogo, usizame sana. Mkanda uliokazwa mno unavunja shingo ya gurudumu." Akabonyeza, akapima, akafunga. Mlango wa nyuma tukaufunga kwa kamba.

"Washa," nikasema.

Injini ikanguruma, basi. Hakuna kingine. Simbeye akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga. Akatoa kichwa dirishani. "Mama! Naisikia injini yangu!" Alikuwa na machozi, na sitaficha, hata mimi.

Tukapanda kilima cha tatu, cha nne, na vyote vilivyobaki, maji hayakuchemka. Ukimya ulikuwa mkubwa hata tukaona haya kuongea. Mwisho Mwalimu akafungua leso yake, akagawa kile kipande cha tatu cha chikanda.

"Mimi nilikuwa nakaribia kusema tuangalie mkanda," akasema.

Itumba

Tulifika Ijumaa alasiri. Shemeji yangu Kibona, baba yake Tusekile, alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi, amevaa koti la harusi siku moja kabla. Nyuma yake akatoka msichana mrefu, anakimbia, viatu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumsalimia kwa maneno mazuri. Nilichosema ni, "Simama wima, nikupime."

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Wanawake wa Itumba walinipikia ndizi, wakanishikia kitambaa kisiguse sakafu, wakanipigia hadithi nisisinzie. Giza lilipoingia niliacha, maana cheupe hakishonwi kwa kubahatisha. Alfajiri nikaendelea na mikono ya gauni, na kengele ya kanisa ilipolia mara ya kwanza nilikuwa nakata uzi wa mwisho. Ya pili ilipolia, Tusekile alikuwa ndani ya gauni, ameshika kifua, anaogopa kupumua.

"Pumua," nikamwambia. "Nimeacha nafasi."

Jinsi walivyoimba sitaweza kuandika. Wandali, watu wa kule, wanaimba kama watu wanaoinua nyumba. Simbeye alikuja na lori lake amelisafisha, akawabeba maharusi kutoka kanisani kwa mwendo wa kutembea. Penye karamu aliulizwa na wazee njia ilikuwaje, akainuka mbele ya watu wote akaeleza kila kitu, pamoja na kigari cha binti yake, asijifiche hata kidogo. Matokeo yake, Jumatatu asubuhi nilikuta uani kwa shemeji mtu mwenye baiskeli inayolia, mwingine na mashine ya kusagia, na mzee mmoja aliyebeba mlango. Baiskeli niliiweza. Mashine niliiweza nusu. Mlango nilimwambia apake mafuta ya nguruwe, na watu wakacheka, mzee asijue kwa nini.

Jumanne niliondoka. Tusekile alinisindikiza hadi barabarani, sasa amevaa kitenge cha mke wa mtu. Cherehani ilikwisha kupakiwa, injini inanguruma. Akanishika mkono, akaniuliza jambo ambalo ni dhahiri alilibeba siku zote hizo.

"Mama mdogo, mama alikuwa anatembeaje?"

Sikutegemea. Watu wamemwambia sura ya mama yake, wamemwambia tabia yake. Hakuna aliyemwambia hilo. Nikaweka mfuko wangu chini. Nikashika kiuno kwa mkono wa kushoto kama Eliza, nikanyoosha shingo kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, nikatembea katikati ya barabara ya Itumba, haraka haraka, visigino havigusi vizuri chini, kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Nilipogeuka, Tusekile alikuwa nyuma yangu, mkono kiunoni, shingo ndefu, anatembea vilevile, na anacheka.

Simbeye akazima gari, akatusubiri.